Watoto wa Alunguli Wana Wazazi

Hélène hakujua alikozaliwa. Wavamizi walimchukua angali mdogo, meno ya utoto yakiwa bado yanang'oka, wakampeleka mashariki katika msafara wa pembe na watu. Walipofika Ziwa Tanganyika, mapadri wakamkomboa kwa vitambaa. Wakambatiza, wakampa jina, wakamlea pamoja na watoto wengine waliokombolewa kama yeye. Huko alijifunza katekisimu, kushona na kuimba. Hakuna aliyempiga, na alishiba. Lakini lugha ya mama yake ilimtoka kidogo kidogo, hata siku moja akatafuta neno la kumwitia mama asilione.

Vita vya Wazungu na Waarabu vilipokwisha, alifuatana na wachukuzi waliokuwa wakirudi magharibi, akitafuta watu wake. Vikongwe wa upande wa Tunda walizitazama chale za tumboni mwake wakasema hizi ni za kwetu. Ila hakuna aliyemkumbuka binti aliyepotea, kwa sababu waliopotea walikuwa wengi mno. Basi akashuka hadi Lualaba, akakaa Alunguli, ng'ambo ya posti ya Kindu, kituo cha serikali ya Wazungu, akaolewa na Sumaili mpiga kasia.

Sumaili alikuwa Mwislamu. Baba yake alikuja na watu wa pwani, akafia hapo hapo mtoni. Siku ya kuoana walikubaliana hivi: watoto watapewa majina ya ukoo wa baba, na mama atawafundisha kusali anavyojua. Wakapatikana Jamila na Hamisi. Jioni, mpunga ukishatwangwa na moto wa sombe, mboga ya majani ya muhogo, ukishatulia, Hélène aliwakalisha chini akawafundisha ishara ya msalaba. Sumaili alitandika mkeka wake upande wa pili wa nyumba. Hakuwakataza, wala hakukaa nao.

Watoto wa majirani wakaanza kuja kusikiliza, kwanza kwa ajili ya nyimbo. Hélène akawawekea sharti moja: mtoto haji peke yake. Aje na mama, au baba, au shangazi, yeyote anayelala naye nyumba moja. Wazazi walinung'unika. Walisema wamechoka, walisema dini ni mambo ya watoto na Wazungu. Hélène hakulegea. Aliyekuja bila mtu wake alirudishwa kumleta. Hivyo wakaja, wengine na nyavu zao za kushona, wengine wakimenya karanga, na mvuvi mmoja mwenye sauti nzito akaishika Baba Yetu kabla ya mwanawe.

Padri hakuwepo Kindu siku zile. Waliishi hivyo mpaka Donatien alipofika na mitumbwi ya posti.

Donatien naye alikombolewa ziwani. Alikuwa mdogo kwa Hélène, na kule misheni Hélène ndiye aliyekuwa akimfulia nguo na kumtoa miba miguuni. Sasa alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe, katekista, na mkalimani wa mkubwa wa posti kwa sababu alijua Kifaransa. Alipovuka mto akawasikia watoto wa Alunguli wakiimba, machozi yalimtoka. Akala wali na samaki, akamwita Hélène dada, akabeba Hamisi begani.

Kisha akatoa habari aliyoijia. Mkubwa wa posti alikuwa anakusanya watoto mayatima na waliotupwa, wapelekwe mbali chini ya mto, kwenye makao yenye shule. Watasoma, watafundishwa kazi, watakuwa Wakristo kamili. Donatien alikuwa amewafikiria watoto hawa. Alisema kwa upole kwamba Hélène amepanda vizuri lakini shamba lina magugu: mama anamfundisha mtoto sala jioni, asubuhi anamfunga hirizi kiunoni. Kwa hesabu yake, mtoto asiye na baba aliyebatizwa alikuwa sawa na yatima.

Hélène alimuuliza kama Jamila na Hamisi nao wamo.

Donatien akatazama chini. Baba yao, alisema, ni Mwislamu.

"Donatien," Hélène akasema, "Bwana Yesu alilelewa wapi?"

"Nazareti, dada."

"Kwa nani?"

"Kwa Maria na Yusufu."

"Mungu alikuwa na hekalu, alikuwa na makuhani na wasomi. Mwanawe akamweka jikoni kwa mama, na kwa fundi wa mbao. Wewe unajua kushinda Mungu?"

Donatien alijitetea. Alisema wao wawili walilelewa misheni na imani yao ni imara, je, walikosa nini?

"Mimi ninasali kila siku," Hélène akajibu, "na kila siku ninamuuliza Mungu jina la mama yangu. Mapadri hawakuniiba, walinikuta nimeibwa, na nitawashukuru mpaka kufa. Lakini hawa hakuna aliyewaiba bado. Usiwe wewe wa kwanza."

Donatien aliondoka bila kumaliza chakula. Siku iliyofuata askari wa posti alivuka na amri: mwanamke anayefundisha dini alete watoto wote anaowafundisha ng'ambo Jumatatu asubuhi.

Wengine walitaka kuwaficha watoto msituni. Hélène alikataa. Alisema ukimficha mtoto umekubali kwamba si wako. Akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazazi wavae nguo nzuri waliyo nayo. Kwa mumewe hakuomba kitu. Sumaili mwenyewe ndiye aliyeanza kukusanya mitumbwi.

Jumatatu ile mkubwa wa posti alitoka barazani akakuta uwanja umejaa. Alikuwa ametazamia watoto. Aliona kila mtoto amesimama mbele, na nyuma yake mtu mzima amemwekea mkono begani. Aliuliza kwa hasira hawa wote wanataka nini, na Donatien akafasiri.

Hélène akasema mkubwa aliita watoto, na watoto wa Alunguli hawatembei bila watu wao. Akasema pia amesikia sheria ni ya mayatima na waliotupwa. Basi mkubwa atazame, achague aliyetupwa.

Mkubwa akaanza na wa kwanza, akamtaka aseme sala na majina ya wazazi wake. Mtoto akasema Baba Yetu, akataja jina la baba yake na la mama yake. Wa pili hivyo hivyo. Yule mvuvi mwenye sauti nzito alimsaidia mwanawe pale alipokwama, na sauti yake ikasikika mpaka mtoni. Jamila alisema sala yake yote bila kupepesa macho. Jua lilipanda. Mkubwa alijipangusa jasho, akaacha kuuliza, akatembea tu akiwatazama, mpaka akafika kwa Aziza.

Aziza alikuwa amesimama mbele ya Hélène. Wazazi wake walikufa kwa ndui, na tangu hapo alilala kwa Hélène. Alunguli nzima ilijua. Donatien pia alijua, kwa kuwa Hélène alikuwa amemweleza siku ile ya wali na samaki. Mkubwa akamuuliza Aziza jina la mama yake. Mtoto akamtazama Hélène, asitaje jina lolote.

"Huyu," mkubwa akasema. Askari akamshika mkono.

Sumaili alikuwa nyuma, penye mitumbwi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kukwepa baraza za wakubwa. Akapita katikati ya watu akiwa bado na kasia mkononi, akasimama mbele ya askari.

"Huyu njo mutoto wangu," akasema. "Baba yake iko hapa."

Mkubwa hakuhitaji mkalimani kuelewa. Akamgeukia Donatien, akamuuliza kwa Kifaransa kama ni kweli. Donatien alikuwa amefundishwa tangu utoto kwamba uongo ni dhambi. Alimtazama Aziza, mkono wake mdogo umebanwa na askari, hata mkubwa akarudia swali.

"Ni kweli," Donatien akasema. "Baba yake ni huyu." Kisha akayasema tena kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wote wasikie.

Askari akaachia mkono.

Hawakurudi bila kulipa. Mkubwa aliona amechezewa mbele ya watu wake, naye hakuwa mtu wa kusahau. Sumaili alichukuliwa kupiga kasia mitumbwi ya posti mpaka mwisho wa mvua. Donatien aliondolewa ukalimani, akaamriwa kushuka mto na msafara uliofuata. Kabla ya kupanda alimpigia Hélène magoti, na Hélène akamwekea mkono kichwani kama mama anavyofanya, ingawa hakuwa na umri huo. Nyumba ya Hélène ikakatazwa mikutano. Askari atapita jioni, na akikuta watoto wa watu pale, nyumba itachomwa.

Hélène alilia siku hiyo, peke yake mtoni, akiosha sufuria. Alidhani kazi yake imekwisha.

Jioni yake akakaa na Jamila, Hamisi na Aziza tu. Walipokuwa katika ishara ya msalaba akasikia sauti nyumba ya jirani, mama akiwaongoza watoto wake, anakosea maneno na kuendelea. Akatoka mlangoni. Nyumba ya mbele yake nao walikuwa wanasali. Kule mwisho, karibu na maji, mvuvi alikuwa anaunguruma Baba Yetu kama mtu anayeita ng'ambo. Hélène hakwenda kumsahihisha yeyote.

Askari alipopita alichanganyikiwa. Akasimama kwenye uwanja wa mvuvi, akauliza kwa ukali nani amefungua shule hapa.

"Hapa hakuna shule," mke wa mvuvi akasema, bila kuinuka. "Hapa ni nyumbani kwetu."

Kisha akawageukia wanawe, akawaambia waanze tena tangu mwanzo.