Kitufe Kisichoitika

Desemba ikifika, Wachaga hurudi mlimani. Wa Dar, wa Mwanza, hata yule aliyepotea miaka, utamwona kaja na watoto wasiojua njia ya kwenda kisimani kwa babu yao. Na wakirudi ni harusi, ni ubatizo, ni kipaimara, na hakuna shughuli isiyotaka sufuria. Ndiyo maana Bi Shida wa Shirimatunda aliupenda mwezi huo kama mkulima anavyopenda mvua. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli: sahani, majiko, viti. Zile sufuria kubwa kabisa, za pilau ya watu mia mbili, alikuwa nazo tatu tu.

"Bibi, simu zitakumaliza. Jana umeunguza maharage," mjukuu wake Rukaiya alimwambia mwaka huo. "Nitakutengenezea ukurasa mtandaoni. Mtu ajaze jina, siku na chombo anachotaka, abonyeze Tuma, basi."

Ukurasa ukatengenezwa. Lakini huko juu mlimani mtandao ni kama ukungu, unakuja na kuondoka. Mtu akibonyeza Tuma, ukurasa mzima ulijifuta na kuanza kufunguka upya, na uliporudi ulirudi mweupe, maneno yote yamepotea. Mzee Ildefonce wa Sanya Juu akapiga simu.

"Binti, nimeandika jina langu mpaka nimechoka kuitwa Ildefonce."

Rukaiya akacheka, akakaa kibarazani na kompyuta yake mpaka akapata dawa. "Sasa ukurasa haufunguki upya, Bibi. Unabaki palepale na maneno yako, huku yenyewe yanapita chinichini mpaka kwenye seva."

"Seva ndiyo nani?"

"Kompyuta iliyoko mbali, inayotutunzia oda."

Bi Shida akaendelea kusugua sufuria kwa majivu, midomo ikichezacheza.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimemtuma mtoto dukani, na bado amekaa mapajani pangu."

"Si ukurasa wangu huo," Rukaiya akasema, wala hakulazimika kutoa mji. Bi Shida akaridhika. Kama mtoto amejua kukitegua, basi na kazi anaijua.

Oda zikaingia kama siafu. Wiki ya pili ya mwezi, sufuria zote tatu kubwa zilikuwa zimeombwa kwa Jumamosi ya wiki hiyo, tena na mtu mmoja, Bibi Aikande wa Kibosho.

"Huyu analisha Kibosho nzima," Bi Shida akasema, na hakuona ajabu. Desemba hii, nyumba moja huwa na wageni wa kujaza kanisa.

Siku ya Jumatano akaingia Elisifa, mwenzake wa jikoni wa miaka mingi. Hapakuwa na shughuli waliyowahi kupika pamoja bila kucheka. Leo uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Shikamoo, Bi Shida."

"Marahaba, Mama Theo. Nani kakuudhi?"

"Theopista anaolewa Jumamosi hii. Bwana harusi kakatiwa likizo, tarehe imevutwa. Nimefungua huo ukurasa wenu, kwenye orodha ya vyombo nakuta sufuria kubwa zimekwisha."

Bi Shida akakaa chini. Theopista alipokuwa bado anabebwa mgongoni, yeye mwenyewe alimpapasa kichwa akasema, pilau ya harusi ya huyu itaivia kwenye sufuria yangu. Elisifa hakulikumbusha neno hilo. Hakuwa na haja. Ila kazi ya Bi Shida nayo ilikuwa na sheria yake: aliyetangulia ndiye mwenye chombo, na hajapata kumpokonya mtu.

"Nikupe zile za kati, nyingi nyingi?"

"Pilau ya kugawanyagawanya? Huku imeungua, huku mbichi, na wakwe wanatoka Sanya Juu na midomo yao." Elisifa akafuta jicho kwa upindo wa khanga. "Basi. Nitaona."

Bi Shida akampigia Aikande, simu haipatikani. Akapiga tena kesho yake, haipatikani. Likabaki jambo moja, kumsubiri Ijumaa akija kuchukua vyombo, wamwombe uso kwa uso.

Ijumaa Elisifa alifika mapema, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama anayengoja matokeo ya mtihani. Baadaye pikapu ikasimama nje, akashuka Bibi Aikande na fimbo yake. Kabla hajamaliza kusalimia, dereva na Rukaiya walikwisha kupakia sufuria ya kwanza, wakaigeukia ya pili.

"Nyie, hebu ngojeni. Mnanipeleka wapi na vyombo vyote hivyo? Nina ubatizo wa kitukuu kimoja."

"Lakini Bibi uliagiza tatu," Rukaiya akasema.

"Niliagiza moja. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Mara ya tatu kimya, nikaacha. Wewe mwenzangu, ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unavunja mlango?"

"Hata kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa hivyo," Bi Shida akaunga mkono. "Salamu tatu, usipojibiwa rudi zako."

"Basi nikajua hampo. Leo nimekuja mwenyewe, nijaribu bahati yangu."

Rukaiya akafungua kompyuta, akaanza kusoma, kisha akashika kichwa. Mzee Ildefonce kaomba sahani mara tatu. Katekista kaomba viti mara tatu.

"Mlima mzima umepiga hodi, Bibi. Na seva iliitika kila mara. Ila jibu lake mimi niliishia kulipokea jikoni, sikulileta sebuleni, mtu alione kwenye ukurasa."

"Mgeni yuko mlangoni, na wewe unaitikia ndani ya blanketi."

Wakacheka wote, isipokuwa Elisifa. Yeye alikwisha kuinuka, kaikumbatia sufuria ya pili kwa mikono miwili, nayo isiizunguke.

"Kwa hiyo hii ni yangu?"

"Yako, Mama Theo. Ila mwache huyu mtoto autengeneze ukurasa kwanza. Mlango wangu hauwezi kukaa bubu Desemba."

Bi Shida akabandika chai. Ilipochemka, ikanywewa, ikaongezwa maji na kuchemka tena, Rukaiya alikuwa amefuta na oda zilizojirudia, akasema tayari. Elisifa akachukua simu yake, akajaza jina, siku na chombo, akabonyeza Tuma. Kitufe kikafifia, kikaandika: Subiri kidogo. Ukurasa haukutikisika, jina lake liko palepale. Mara chini yake yakatokea maneno ya kijani, naye akayasoma kwa sauti.

"Karibu, Elisifa. Sufuria yako tumekuwekea."

"Bonyeza tena basi," Aikande akamchokoza.

"Nibonyeze nini? Nimeshakaribishwa, mimi naingia." Na hapo ndipo Elisifa alipocheka, kile kicheko chake cha jikoni, mpaka dereva naye akaambukizwa.

Jumamosi Bi Shida mwenyewe ndiye aliyeshika mwiko. Mchele uliiva punje kwa punje, harufu ikavuka migomba ikawaita hata wasioalikwa, na wakwe wa Sanya Juu walirudia sahani bila neno. Katikati ya ngoma, bibi harusi akachomoka, akaja nyuma jikoni na gauni lake jeupe, mashangazi wakimkimbilia kwa hofu ya masizi.

"Bibi, nimekuja kuomba ukoko."

Bi Shida akainama ndani ya sufuria mpaka mabegani, akamkwangulia.