Huzuni ya Wastani

Mume wangu Jerome akirekodi matangazo, nyumba yetu ya Mitwero hairuhusiwi kupumua. Friji izimwe, kuku wafukuzwe, mtoto wetu Debora aende kwa jirani, na mimi nikae barazani nimwashirie kwa mkono kila anayekuja asipige hodi. Yeye alikuwa anajifungia stoo kati ya magodoro mawili, simu yangu mbele ya mdomo kwa kuwa ndiyo yenye maikrofoni nzuri, imewekwa hali ya ndege. Simu yake aliizima kabisa. Alitoka humo amelowa jasho, ungedhani alikuwa anapalilia ufuta.

Sikulalamika sana, maana sauti yake ndiyo iliyotulisha. Tangazo la kwanza alilouza kwenye soko la mtandaoni, la rangi za nyumba, lilinunua bati za chumba cha mbele. Wateja wakampa nyota, naye akatembea kifua mbele. Mwaka uliofuata tangazo kama lile likanunua gunia la mchele. Kisha nusu gunia. Kisha mteja akamwandikia kwamba yuko mtu anayesoma kwa robo ya bei hiyo, kama hataki aseme. Jerome akataka. "Mwenye shida hachagui," aliniambia. Nikamjibu kwamba wenzake wote huko sokoni wanasema hivyohivyo, ndiyo maana bei inaporomoka kila kukicha. Tukanuniana mpaka jioni.

Kitu kimoja hakukiuza, nacho ni misiba. Abilahi, mwenye bajaji ya matangazo yenye spika mbili juu, alikuwa akimletea habari za vifo, naye akizisoma bure. Alisema kifo si sabuni. Na alikuwa na sharti lake: kabla ya kusoma aliuliza kama watoto wa marehemu wameshaambiwa. Akiwapo hata mmoja asiyejua, hasomi mpaka mtu amwendee au ampigie. Alisema mtu hawezi kuusikia msiba wa mama yake barabarani kama bei ya samaki. Kwa sharti hilo nilimpenda kuliko kwa sauti yenyewe.

Mama yake mwenyewe, Bibi Katarina, alikuwa mgonjwa kule Nyangamara. Miguu imevimba, akilala pumzi inambana. Tulitaka kumleta mjini apimwe moyo, lakini hatukuwa na cha kukodia gari, sembuse cha kumtibia. Ndipo ikaja kazi kubwa. Kampuni ya mbali ilitaka maelfu ya sentensi, zisizo na kichwa wala miguu. "Shangazi anapika mbaazi." "Barabara ya Milola imefungwa." Majina ya watu, majina ya vijiji, siku na saa. Bei ya sentensi moja ilikuwa matusi, ila zilikuwa nyingi, na malipo yote yangekuja mwisho. "Nikimaliza hii namfuata mama," Jerome akasema.

Fungu moja lilikuwa la huzuni. Maelekezo yaliandikwa: huzuni ya wastani, sauti isitetemeke. Nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia akisema, "Tumempoteza mama yetu mpendwa," akarudia, akarudia tena, kwa sababu kila akimkumbuka mama yake sauti ilitikisika na wale watu wakaikataa. Nilimwambia aache, huko ni kujiitia mkosi. Akacheka. "Mama Debora, hii ni kazi tu." Siku sentensi hiyo ilipokubaliwa niliisikia ikitoka imenyooka, imetulia. Niliogopa, wala sikujua naogopa nini.

Haukupita muda watu wakaanza kumsifu kwa kazi nisizozijua. Muuza duka la dawa akaniambia amemsikia Jerome stendi, anatangaza dawa ya mbu. Jerome hakuwahi kusoma dawa ya mbu. Abilahi naye alikuwa haonekani kwetu tena, mpaka nilipomkuta sokoni nikamuuliza kama watu wa Lindi wameacha kufa.

"Wanakufa, shemeji," akasema. "Ila siku hizi naandika kwenye simu, inasoma yenyewe. Bei yake ni ya vocha tu."

Akabonyeza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mume wangu, inatangaza kifo cha mzee nisiyemfahamu. Abilahi alipouona uso wangu akaizima haraka.

"Wallahi nilidhani mnajua. Nilidhani kila nikibonyeza analipwa."

"Na watoto wa huyo mzee waliambiwa kwanza?"

"Yenyewe haiulizi, shemeji."

Jerome aliiandikia ile kampuni ya sentensi kulalamika kwamba imeuza sauti yake. Wakamjibu kwa adabu zote: masharti ya kuitumia sauti yake aliyakubali mwenyewe, na limebaki fungu la mwisho ili alipwe. Nikamwambia awatupie kazi yao, tukope, kesho tuwe Nyangamara. Nilisema kwa ukali, nikamwambia mama hasubiri sentensi za watu.

"Nikiacha sasa nitakuwa nimewapa sauti bure," akasema. "Sauti imeshakwenda. Angalau impeleke mama hospitali. Wiki moja tu, Mama Debora."

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyonikata maini. Nikarudi barazani kulinda kimya chake.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja Jerome yuko stoo tangu alfajiri na simu zote mbili, mimi nabangua korosho, nikasikia bajaji ya Abilahi inapanda kutoka barabara kuu. Nilisimama kumpungia apunguze sauti. Mlango wa stoo ukafunguka, Jerome akatoka kifua wazi, amekasirika kwamba kelele imemharibia kazi. Bajaji ikapita mbele yetu.

"Familia ya marehemu mzee Faustino wa Nyangamara inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Katarina, kilichotokea alfajiri ya leo. Mazishi ni leo saa kumi jioni. Habari ziwafikie wanawe, Tekla aliyeko Kilwa Masoko na Antonia aliyeko Milola, pamoja na ndugu na jamaa popote walipo."

Nilikuwa namtazama Jerome. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na sauti yake ilikuwa juu ya bajaji, inakwenda zake mtaa wa pili. Huzuni yake ilikuwa ya wastani. Jina lake halikuwamo, na Abilahi hakuwahi kumjua mama mkwe wangu.

Niliingia stoo nikawasha simu ya Jerome, nikapiga Nyangamara. Mjomba Dadi, kaka wa marehemu, alipokea akilia.

"Tumewapigia tangu alfajiri, hampatikani. Nikasema basi, nimtumie Abilahi, si Jerome ndiye anayesoma? Atakuwa wa kwanza kujua. Wewe sikukuweka kwenye majina, baba, kwa sababu msomaji hajitaji."

Alidhani anazungumza na Jerome. Nikakata simu, nikatoka. Jerome alikuwa bado amesimama barazani, anaitazama njia ilikopita bajaji.

Tulifika Nyangamara jeneza limeshatolewa nje, limefungwa. Abilahi alikuwa amemtumia mjomba nakala ya tangazo, na kijiji kizima kilikuwa nayo kwenye simu. Watu walitupisha, na wengine walimtazama mume wangu kwa namna nisiyoipenda. Mama mdogo Fortunata, mdogo wake marehemu, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Tumekusikia. Umemsoma mama yako vizuri." Akamkagua usoni. "Hata sauti haikutetemeka. Mimi ningeshindwa."

Jerome akafungua mdomo kumjibu. Nyuma yetu mwanamke aliyechelewa kama sisi akauliza tangazo lenyewe lilisemaje, na mwenzake akambonyezea simu. Jerome akabaki amesimama palepale, mikono yake mikononi mwa mama yake mdogo, akamsikiliza yule mwanamume mwenye sauti yake akimtangaza mama yake mpaka mwisho.