Sungura wa Kwenye Pakiti ya Sabuni

Uvumi ulimkuta Mama Pasi amesimama mezani ananyoosha mashuka ya watu, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani. Ulisema kwamba binti yake amezaliwa na mdomo uliopasuka kwa sababu ya sungura. Si sungura wa porini, maana mtaa ule haukuwa hata na majani ya kumlisha mbuzi mmoja. Ni sungura yule aliyechorwa kwenye pakiti ya sabuni ya unga, masikio wima, meno nje, aliyekuwa akimtazama kutoka rafuni kwenye duka lao la udobi muda wote alipokuwa na mimba.

Aliyeuleta uvumi ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea nguo mlangoni na kuzibandika namba kwa pini. Pini zenyewe alizishika kwa meno, na bado maneno yalipata pa kupitia.

"Mimi sisemi, wifi yangu," alisema, huku anasema. "Wanasema watu. Mwenye mimba akimkodolea macho sungura, mtoto anatoka na mdomo wake. Na wewe ulikuwa unamkodolea kutwa."

"Na wewe je? Si tulikuwa wote humu, na pakiti hiyo hiyo?"

"Mimi sikuwa na mimba."

Hapo Mama Pasi akaitua pasi. Yeye ni mtu wa wasiwasi tangu utoto wake. Akisikia birika linachemka anatoka mbio kuangalia kama nyumba imeshika moto. Akaanza kuhesabu moyoni: alimtazama mara ngapi, kwa jicho gani, alikuwa anafikiria nini. Akazigeuza pakiti zote zikaangalia ukuta. Halafu akaona hiyo haitoshi, akaacha kabisa kuinunua ile sabuni, akawa anafulia sabuni ya kipande mpaka viganja vikachubuka. Mtoto akitoka naye nje anamfunika uso kitambaa, na watu wakiomba kumwona anasema amelala, hata pale ambapo mtoto analia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

Mumewe, dereva wa lori, alicheka alipoelezwa. "Lori langu lina simba ubavuni, na wewe kila siku unalisindikiza mpaka barabarani. Mbona mtoto hakutoka na manyoya?" Alicheka peke yake. Mama Pasi aliona mume hana haki ya kusema. Hakuibeba yeye mimba.

Hospitali ikawaita. Mtoto alikuwa ameongezeka uzito, sasa anaweza kushonwa. Wifi alipopata habari alizitoa pini mdomoni, jambo ambalo hulifanya akiwa na neno zito.

"Kilichoingia kwa macho hakitoki kwa kisu. Watamkata bure. Likitokea la kutokea, usije ukasema sikukwambia."

Mama Pasi alikwenda hospitali na sentensi hiyo, akalala nayo wodini kama mgonjwa mwenzake wa kitanda kimoja.

Asubuhi daktari mpasuaji alipita. Alikuwa mzee, miwani imefungwa kamba shingoni, mwandiko wake umenyooka kuliko wa vijana wote waliomfuata. Juu ya kila kitanda palikuwa na ubao mdogo, naye akaandika kwenye ule wa mtoto kwa chaki. Mama Pasi aliishia shule ya msingi, lakini kusoma alijua. Akasoma kidogo kidogo kama mtu anayevuka tope: labium leporinum.

"Hiyo ni nini, daktari?"

"Kilatini, mama. Vijana hawakiandiki siku hizi, mimi nimezeeka nacho. Maana yake mdomo wa sungura."

Kumbe hata wenye vitabu wanajua. Akaanza kukusanya vitu vyake: chupa, nepi, blanketi, kopo la maziwa.

"Unakwenda wapi?" daktari akauliza.

"Nyumbani. Kumbe ni kweli. Hata ninyi mmeandika ni sungura." Akamweleza habari yote ya sabuni, mpaka ya viganja. Muuguzi akageuka dirishani kuficha uso. Daktari hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Sungura kwa Kilatini ni lepus," alisema. "Wale wazee wa Kilatini wakiona kitu kimefanana na sungura kidogo tu, wanakibandika jina lake. Jicho lisilofumba mtu akilala, wameliita jicho la sungura. Kuna jani la malisho lenye ua la manyoya, hilo nalo mguu wa sungura. Hata angani kuna kundi la nyota linaitwa Lepus mpaka leo. Ni kufanana, basi. Hawakusema sungura ndiye aliyefanya."

Mama Pasi alisimama na chupa mkononi.

"Hizo nyota," akasema, "mama yao alifulia sabuni gani?"

"Sijapata kusikia aliyeuliza."

"Na hilo jani?"

"Nalo hivyo hivyo."

"Ila mimi nimeulizwa."

"Wewe umeulizwa," daktari akakubali. "Mama, mdomo wa mtoto huungana mapema sana tumboni. Mara nyingine hauungani. Kwa nini haukuungana kwa huyu wako, sijui. Ninachojua ni kuushona."

Neno lile "sijui" lilimtua mzigo kuliko dawa yoyote. Mtu aliyesoma mpaka lugha za waliokwisha kufa anasema hajui, na wifi mwenye pini mdomoni anajua kila kitu. Akaiweka chupa chini. Akafunua kitambaa usoni pa mtoto, wodi nzima ikamwona.

"Sasa mfute huyo."

"Nani?"

"Sungura. Mwanangu ana jina, alipewa na baba yake."

"Lazima tatizo liandikwe, mama," muuguzi akaingilia. "Ndio utaratibu."

"Andikeni mdomo umepasuka. Si ndicho kilichopo? Sungura hayumo humu ndani."

Daktari akampa kitambaa cha kufutia. Mama Pasi aliusugua ubao ule kama anavyosugua kola ya shati la fundi magari, kisha akaandika jina la binti yake kwa herufi kubwa za shule, zikapanda kidogo kuelekea juu. Chini yake daktari akaongeza: mdomo umepasuka.

Mtoto alitoka chumba cha upasuaji na mshono mwembamba mwekundu, akalia kwa hasira, pande mbili za mdomo zimekutana.

Siku Mama Pasi aliporudi kazini, wifi alimkagua mtoto kwa muda mrefu. "Mshono umekaa," alikiri. "Ila ile sabuni, wifi yangu..."

Wifi akageuka rafuni. Pakiti za sungura zilikuwa zimerudi, safu nzima, nyuso zote zinaangalia mlango, yaani zinamwangalia yeye.

"Leo ukitoka nje giza likiingia, tazama juu," Mama Pasi alimwambia, pasi ikifuka mvuke. "Kuna nyota zinaitwa Lepus, sungura kwa Kilatini. Anza kumwuliza mama yao alifulia sabuni gani. Akikujibu, uje kwangu."

Mteja aliyekuja kuchukua suti alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Umerogwa na Kilatini," wifi akanuna.

"Afadhali hicho. Nipe shati hilo."

Baadaye walikuja akina mama wengine, watoto wamefunikwa nyuso. Aliwafunua kwanza, ndipo akawaambia cha kuepuka:

Usimfunike mtoto uso kwa ajili ya watu.
Usimnyweshe maziwa amelala chali; mwinue.
Usichelewe kumpeleka hospitali ukingoja watu wanyamaze.
Usimwite kwa jina la mnyama, wala usiruhusu aitwe, hata kwa Kilatini.
Usimwulize sababu mtu ambaye hajawahi kusema "sijui".
Usiache sabuni nzuri kwa ajili ya picha.