Homa ya Bi Sanober

Siku ile meli ya watalii ilipotia nanga mbele ya Kilwa Masoko, Naima binti Fakihi alishinda gatini na mikeka yake ya ukili, na ilipofika alasiri alikuwa anakunja iliyobaki. Vijana wawili wa meli, wamevaa glavu nyeupe, walisimama kwenye ngazi za gati wakimwelekezea kila abiria kipimajoto kwenye paji la uso kabla ya kumruhusu kushuka kwenye boti ya mpira ya kumrudisha melini. Kipimajoto kilitoa mlio mfupi kwa kila mtu. Kwa bibi mmoja mwembamba aliyejitanda mtandio wa kijani kilitoa mlio mrefu, na foleni ikasimama.

Walimpima tena, kisha wakazungumza na daktari wa meli kwa redio. Daktari alijibu kwamba sheria inajulikana: abiria mwenye homa akiwa ndani ya meli hufungiwa chumbani kwake, na akiwa nje ya meli hubaki nje. Maji yalikuwa yanakupwa na meli isingeweza kungoja. Boti ya mwisho ilimletea bibi yule sanduku lake, mfuko wa dawa, pasipoti, na kadi ya bima yenye namba ya simu. Mmoja wa wale vijana alimwambia pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha wakaondoka.

Bibi aliketi juu ya sanduku lake akitetemeka. Naima akaweka mikeka chini, akamwendea.

"Shikamoo, mama," alisema, maana mzee ni mzee, awe ametoka wapi.

"Marahaba," bibi akajibu. "Nasikia baridi miye."

Jina lake lilikuwa Sanober. Alizaliwa Kilwa Kivinje, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, akachukuliwa na wazazi wake kwenda Uingereza akiwa na miaka tisa. Huko aliolewa, akazaa, akapata wajukuu. Kiswahili chake hakikukua naye. Kilibaki pale alipokiacha, hivyo mwanamke wa miaka sabini na zaidi alizungumza kama mtoto wa Kivinje anayeomba kitu jikoni. Alimweleza Naima kila kitu. Homa ilimwanza wakiwa bado baharini. Alfajiri alimeza vidonge ili kipimajoto cha asubuhi kisimkamate, kwa sababu angefungiwa chumbani na Kivinje ingempita dirishani. Akateremka pamoja na wenzake, na wao walipokwenda kutazama magofu ya Kisiwani, yeye alimkodi Iddi wa bajaji ampeleke kwao.

"Nyumba imeanguka," alisema. "Kizingiti kipo. Nimekaa pale nimewasomea Fatiha."

"Basi umefika," Naima akasema.

"Nimefika. Sasa niko taabani."

Naima alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu karibu na msikiti na jina zuri mtaani, na jina hilo alilirithi kwa mama yake, ambaye naye alilirithi kwa bibi yake. Katika ukoo wao hakuna mgeni aliyewahi kulala nje. Alibeba sanduku kichwani, akamshika Sanober mkono, akampeleka kwake na kumlaza kitanda cha chumba cha mbele, chenye dirisha la upande wa upepo.

Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimeenea. Wa kwanza kufika alikuwa Hatim, mwenye duka la misumari na rangi, ambaye babu yake na babu wa Sanober waliwahi kuuza nguo katika mtaa mmoja.

"Aje kwetu, dada Naima," alisema. "Huyu ni mtu wetu."

"Ni mtu wenu," Naima akakubali. "Lakini ni mgeni wangu."

Hatim aliona haki iko upande wa Naima. Alikwenda nyumbani akarudi na sufuria ya kichri, ule wali wa dengu, na feni.

Wa pili alikuwa Veronika, muuguzi wa zahanati, aliyekuja na sare yake. Alimtoboa Sanober kidole, akakuta hana malaria. Akampa dawa, akamsikiliza kifua, akampima joto, akakitazama kipimo. Kisha akatoka na Naima ukumbini.

"Dawa zitafanya kazi, ila taratibu," alisema. "Homa yenyewe ni kubwa, na moyo wake umechoka. Hawezi kuibeba peke yake. Igawaneni."

"Nilikuwa nangoja useme," Naima akajibu.

Homa zimegawanywa Kilwa tangu zamani, ingawa kwa homa ndogo watu hawajisumbui. Nako kuna sheria zake, na Veronika alizikumbusha kwa sauti ili walioko uani wasikie: mjamzito asipewe, mtoto anayenyonya asipewe, anayepanda mnazi asipewe mpaka ashuke, na mtu asichukue zaidi ya anavyoweza kutembea nayo. Watu wakaitikia. Naima akarudi chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mkono.

"Nikupokee, mama," alisema, kama anavyosema mtu anapokutana na mwenye mzigo njiani.

Sanober aliuficha mkono wake chini ya shuka. "Homa yangu mwenyewe," alisema. "Miye naona haya."

"Haya ya nini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Maneno hayo Sanober aliyajua. Yaya wake alikuwa akiyasema. Alitoa mkono, Naima akaushika, na homa ikapita kutoka kiganja hadi kiganja, nzito kidogo kuliko alivyotarajia. Naima alivuta pumzi, akarekebisha kanga yake, akaenda kuukanda unga wa mkate. Unga uliumuka kabla hajaosha mikono, na paka wote wa mtaa wakaja kulala miguuni pake.

Watu waliingia mmoja mmoja, wakapokea, wakatoka. Hatim alichukua sehemu yake baada ya kufunga duka, na kesho yake alivaa sweta akauza misumari kutwa nzima huku meno yakimgongana. Wasuka mikeka wenzake Naima walichukua kidogo kidogo wakawa wanasuka haraka kuliko kawaida. Iddi alikwenda na sehemu yake hadi Nangurukuru, na pale kina mama wauza mayai, walipomwona macho mekundu, walimpunguzia bila kuulizwa. Kondakta mmoja aliyekula mayai hayo aliondoka na tone lake kwenye basi la Lindi. Ilipofika Mitwero, homa ilikuwa imekonda kiasi kwamba mwanamke aliyeipokea kwa mwanawe alihisi tu kama mtu aliyesimama karibu na jiko.

Watu wa Pande walikasirika. Walituma wazee watatu waliokaa ukumbini kwa Naima, wakanywa chai, wakasema wamesikia mgeni wa Kilwa anaumwa tangu juzi na Pande haikuambiwa, kana kwamba Pande si Kilwa. Naima aliwaomba radhi. Kwa bahati Hatim alikuwa bado na ya kutosha, wakagawiwa, wakaondoka wamechangamka, wanatokwa na jasho.

Sanober alipoamka siku hiyo aliomba uji wa mtama, akaumaliza. Alikaa kitandani na nywele zake nyeupe zimesukwa na Naima, ngozi yake baridi kama ya mtu aliyetoka kuoga. Alipiga ile namba ya kwenye kadi. Sauti ya mbali ilimpa pole na kusema kuna mtu atakuja kutoka Dar es Salaam.

Aliyekuja ni Eusebio, kijana nadhifu wa ofisi inayoiwakilisha ile bima ya ng'ambo. Alivua viatu mlangoni, akawaamkia wakubwa wote, akanywa maji aliyopewa. Kisha akampima Sanober joto.

"Hana homa," alisema.

"Anayo," Naima akasema. "Nyingine ninayo mimi. Hebu nipime."

Eusebio akampima, akaona. Akatoka uani akawapima wengine waliojitokeza, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayehakiki jambo analolijua.

"Mama yangu yuko Mitwero," alisema. "Jana alinipigia akasema amepata kidogo. Sikujua ni hii." Akaketi. "Tatizo ni moja, mama zangu. Bima inamlipia abiria mwenye homa. Ndege, daktari, hospitali ya Nairobi, vyote vimo. Lakini homa iwe ndani ya mwili wa mwenye bima. Ninyi hamna bima."

"Na tukimrudishia?" Hatim aliuliza.

"Mkimrudishia yote leo, ndege inakuja kesho asubuhi. Hilo naweza kuliahidi."

Veronika, aliyekuwa anafunga mkoba wake, alisimama. "Akirudishiwa yote leo, kesho ndege itabeba maiti."

"Maiti nayo inalipiwa," Eusebio akasema kwa unyonge. "Kuna kifungu."

Sanober aliteremsha miguu kitandani, akatoka taratibu mpaka uani, akasimama mbele ya watu wote, akanyoosha mkono.

"Nirudishieni," alisema. "Nimekuja na uongo, nimemeza vidonge. Nyinyi mnatetemeka, miye nakunywa uji. Haifai. Naima, nirudishie."

Naima alikuwa na sehemu kubwa kuliko wote. Magoti yalimuuma na macho yalimwasha, na mkono ule wa mgeni ulionyooshwa ulikuwa mwepesi kuufikia. Aliutazama. Kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Hatukukuazima," alisema. "Tumekupokea."

Hatim akatia mikono kwapani. Iddi akaitia mfukoni. Uani mzima watu waliificha mikono yao, mmoja baada ya mwingine, hata wale wasiokuwa na homa. Sanober alibaki na mkono wake hewani kwa muda, kisha akautumia kujifuta machozi.

Eusebio alijaribu njia nyingine, maana hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu melini, ambayo wakati huo ilikuwa imefika Zanzibar, akasema abiria wao ni mzima, ngozi baridi, anakula, wampokee huko akipelekwa. Alisikiliza jibu hadi mwisho, akashukuru, akakata.

"Wanasema amekaa na watu wenye homa," alisema. "Sheria hairuhusu."

"Kwa hiyo," Naima alisema, akipanga maneno yake ili asikosee, "si mgonjwa wa kulipiwa, na si mzima wa kupakiwa."

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Basi ni wa kwetu. Hilo tulilijua kabla hujafika."

Eusebio alivaa viatu vyake. Alipofika kwenye gari alisimama, akarudi, akasema kwa sauti ndogo, "Nikupokee, mama Naima." Naima akamtazama kuona kama anaweza kuendesha nayo, akampa kiasi cha kijiko. Eusebio akavaa koti lake lililokuwa limening'inia nyuma ya kiti, akapandisha vioo, akaondoka. Jioni alituma ujumbe kwamba amefika salama, kwamba bado anasikia baridi, na kwamba ofisi imefunga shauri.

Homa ilivunjika Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, kwa watu wote kwa pamoja. Jasho liliwatoka Masoko, Nangurukuru na Pande katika dakika moja. Hatim alivua sweta mbele ya wateja. Naima alikuwa anapepeta mchele, na ghafla alihisi mwili wake umekuwa wake tena. Aliweka ungo chini, akamshukuru Mungu, akaingia chumbani. Sanober alikuwa amelala usingizi mzuri, mdomo wazi kidogo, kama mtoto. Hakuwa na homa, na sasa hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa nayo. Mwanawe alikuwa amemkatia tiketi ya ndege ya kawaida kutoka Dar, aondoke Jumatatu.

Kilichobaki kilikuwa kufua. Jumamosi kila nyumba ilitoa mashuka yaliyolowa jasho, na kamba za uani hazikutosha. Wanawake waliyabeba hadi ufukweni, wakayatandaza juu ya vichaka na kuyafunga kwenye nguzo, na upepo wa kusi ukayajaza yote, meupe, ya maua na ya mistari, kutoka gatini hadi mwisho wa mji. Sanober aliomba kazi. Naima akampa beseni lake, wakafua pamoja.

Meli ilipita wakati huo, ikirudi kusini. Haikupunguza mwendo. Abiria walikuwa wamejaa upande mmoja wa sitaha, wakapunga mikono na kupiga picha, wakidhani mashuka yale ni sherehe yao. Kipaza sauti cha meli kilikuwa kinatangaza jambo, na upepo ukaleta maneno hadi ufukweni.

"Wanasema nini?" Naima aliuliza.

Sanober alisikiliza. "Wanasema hapa ni Kilwa, mji wa kale sana. Wanasema hawateremki kwa sababu watu wa hapa wana homa. Wanasema hata mwakani hawatateremka."

Naima aliitazama meli ile ndefu, nyeupe, na vioo vyake vyote vilivyofungwa.

"Si uongo," alisema. "Tulikuwa nayo."

Akainama, akatoa kwenye beseni shuka lake mwenyewe lililolowa maji. Akashika ncha moja, Sanober akashika ya pili, wakaanza kulisokota kila mtu upande wake mpaka likakaza kama kamba, na maji yaliyotiririka mchangani yalikuwa bado ya moto.