Mfuko wa Chokaa Mapajani

Mashine ya kukata nyasi ya uwanja wetu wa mpira ni ile ya kukalia, ina usukani na magurudumu manne, kama trekta lililoachishwa ziwa mapema. Dereva wake ni Ufito. Jina hilo tulimpa hata kabla hajaugua, alipokuwa bado na nyama kidogo. Ugonjwa ulipomaliza kazi yake, ulibaki ufito kweli, suruali inashikiliwa na mkanda na dua.

Alipokuwa kitandani, siti yake ilikaliwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, tuliyemwita Pipa. Kwa nini Pipa, sielezi, ungemwona ungejua. Pipa alikata nyasi vizuri, akaipenda kazi, akafikia hata kuisalimia mashine asubuhi. Basi siku Ufito aliporudi, meneja alisimama katikati yao akichezesha ufunguo.

"Mechi ni mchana huu," alisema. "Siti ni moja, nyie wawili. Ufito ndiye mwenyewe, aanze yeye. Lakini nikirudi nikute nyasi ziko vilevile, kazi ni ya Pipa, na asije mtu kunililia ofisini."

Akamwachia Ufito ufunguo, akaenda kupokea timu ya wageni.

Mimi ni mchora mistari, na nyasi zikiwa ndefu chokaa inaning'inia juu juu kama unga kwenye ndevu. Kwa hiyo nilikaa pale kusubiri, na kusema kweli, kutazama sinema ya bure.

Ufito alipanda, akakanyaga breki, akazungusha ufunguo. Kimya. Hata kukohoa haikukohoa.

"Imekusahau," alisema Pipa, kaegemea mlingoti wa goli mpaka mlingoti ukalalamika. "Ulipotea sana, shemeji. Hata mke angeuliza wewe nani."

"Dada yako ndiye aliyeniuguza. Aniulizeje?"

"Ndiyo maana anakujua. Mashine haikukuuguza."

Tukatazama petroli: imejaa. Tukasugua vichwa vya betri kwa msasa hadi vikang'aa kama meno ya bwana harusi. Tukafungua plagi, tukaipuliza, tukairudisha. Wenzo wa kuwashia visu ulikuwa chini, unavyotakiwa. Ufito akazungusha tena. Kimya, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Hebu nipisheni," alisema Pipa.

Alikaa, siti ikazama, akagusa ufunguo kwa kidole kimoja. Vruuum! Akainuka ili ampishe shemeji yake kwa heshima zote, na injini ikazima palepale.

"Hiyo ni kawaida," alisema Ufito. "Chini ya siti kuna swichi. Ikikandamizwa, mashine inajua kuna mtu. Ukitoka, inazima, isije ikaenda yenyewe ikakata watu miguu."

Akakaa yeye, akazungusha. Kimya.

"Basi haikuhesabu kama mtu," alisema Pipa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ufito hakucheka. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaniambia polepole, "Ndugu yangu, nikiikosa hii narudi kulala. Dari ya chumba kile nimeitazama mpaka nyufa zake nazijua kwa majina."

Hapo nikaacha kucheka. Lakini mimi nikiona huruma ndipo ninapozidi utani. Nimelelewa na dunia, si na mama peke yake. Nikanyanyua mfuko wangu wa chokaa, nikamtupia mapajani.

"Basi nishikie huu, kwa kuwa leo huna kazi."

Alinitazama kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo akazungusha ufunguo.

Vruuum!

Pipa akauacha mlingoti. Nikauondoa mfuko, injini ikazima. Nikaurudisha, Ufito akazungusha, ikawaka. Nikauondoa tena, hapo ikiwa ni uchokozi tu.

Ufito alishuka, akainua siti. Chini yake, palipopaswa kuwa na springi na swichi tu, palishindiliwa kipande kinene cha godoro lenye maua mekundu.

"Godoro hili nalijua," alisema. "Nimelilalia."

"Utaachaje kulijua? Limetoka upande wako," ilisema sauti nyuma yetu. Alikuwa mkewe, ndiye anayefua jezi za uwanja, kabeba sufuria ya chakula cha mumewe. "Ulivyobaki mifupa mitupu, nilisema siti hii itakutoboa. Jana nikapita nikakuwekea."

"Nilisema mimi!" Pipa alidakia. "Jana jioni niliona imekuwa laini!"

Laini kwa Pipa, maana yeye angeikandamiza swichi hata chini ya kitanda kizima. Ufito na godoro walikuwa wanapimana nguvu, na godoro lilikuwa linashinda.

"Litoe tu, baba watoto," alisema mke, macho chini.

"Silitoi."

"Litoe, kazi itakupotea!"

"Nimesema silitoi. Aliyeliweka hakuliweka kwa bahati mbaya." Akarudisha siti, akakaa, akaninyooshea mkono. "Lete mfuko."

Akaondoka nao, kaukumbatia kama mtoto mchanga. Kila palipokuwa na tuta injini ilikohoa, naye akaubana zaidi ikatulia. Nyasi zililala chini safi, mzunguko baada ya mzunguko. Tulipiga makofi sote, hata Pipa, na kwa makofi hayo nilisahau jambo dogo: mfuko ule ulikuwa na tundu pembeni.

Meneja alirudi akiwa na nahodha wa wageni. Akasimama. Uwanja mzima ulikuwa umezungushwa mstari mweupe, kama kamba iliyofumuka.

"Nini hiki?"

"Nyasi zimekatwa, bosi," nilisema.

"Nauliza hayo meupe!"

"Ni ya kuwaonyesha wageni njia ya kurudi kwao."

Nahodha ndiye aliyecheka kwanza. Meneja akamgeukia Ufito, mweupe kifuani hadi magotini. "Na huyo abiria uliyempakata?"

"Ni uzito wangu, bosi. Umetangulia, mimi naufuata."

Meneja aliuma midomo isimsaliti. "Ufunguo kaa nao," alimwambia Ufito. Mimi akanipa fagio.

Nikiwa nafagia, niliona sufuria imefunguliwa na mkono wa Pipa umeshafika ndani. Dada yake akauchapa kwa mwiko.

"Wewe toa! Wewe unawasha hata lori!" Kisha akamsogezea mumewe sahani iliyojaa mpaka ukingoni. "Kula, baba watoto. Mfuko wa watu lazima urudi."