Mguu Botini, Mguu Mchangani

...na maji yenyewe kumbe ya baridi namna hii, nani angejua, ukiyatazama kutoka kule juu milimani yanang'aa kama bati jipya unadhani yatakuunguza, na sasa mguu wa kushoto wa Hedwiga uko mchangani, ziwa linaulamba mpaka kwenye kifundo, na wa kulia uko ndani ya boti, juu ya ubao uliopakwa bluu juzijuzi, na boti inapumua, ndiyo, inapumua chini ya unyayo, inapanda, inashuka, Yesu na Maria, mwanamke mzima, mjane, mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani, kasimama katanua miguu mbele za watu na moyo unamdunda kama wa msichana anayesubiri ngoma ianze, na wala si woga, au ni woga lakini mtamu, ule wa kuvuka daraja la mti mmoja ukiwa mtoto... “Mama, panda basi,” anasema Lusia, binti yake wa pekee, amekwisha kukaa ndani, tumbo limemtangulia, ni wa kujifungua kahawa ikianza kuiva, anacheka, kashika ukingo wa boti kama mtu aliyezaliwa humu, na kumbe alizaliwa juu kule kwenye ukungu, kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia maharage mteremkoni, mtoto wa mlima huyo, ziwa limemchukua kwa sababu ya mwanamume, na mwanamume mwenyewe ndiye huyo amesimama majini mpaka magotini, Kiliani, mkwe, Mnyasa wa hapahapa Mbamba Bay, mwenye boti, ambaye sasa hivi tu alinyoosha mkono amshike mama mkwe wake apande, halafu akakumbuka, akaurudisha upesi kama aliyegusa sufuria ya moto, maskini, naye kafundishwa, kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani machoni, wakikutana njiani mmoja anaingia shambani kupisha, salamu yenyewe ya mbali, shikamoo mama, na jibu linapitia kwa Lusia, mwambie mwenzio marahaba, tangu harusi mpaka leo ni mwambie mwenzio, mwambie mwenzio sukari imefika nashukuru, mwambie mwenzio asisumbuke, na humu je, humu ndani ambamo benchi kwa benchi magoti yanagusana, adabu za humu alizitunga nani, Mansuetus angecheka mpaka ashike mbavu, Mansuetus aliyesema kila msimu wa mavuno, wakisimama kule kwenye kilele ziwa likiwa limetandikwa chini yao, “Siku moja mama Lusia nitakushusha ukatie miguu,” na miguu hii hapa, baba Lusia, mmoja tayari umo, umechelewa kuiona...

“Makasia mawili!” anaita Kiliani, anayagusa kwa kiganja, kwa sababu mkono ule uliorudi umemtia haya na lazima ufanye kazi nyingine, na pia ndiyo desturi yake, Lusia alishasimulia, hatoki kabla hajagusa kila kifaa na kukitaja kwa sauti, hata abiria awe padri, hata awe mke wake, ambacho hakikutajwa hakimo, na Hedwiga anapenda hilo, analipenda kuliko mambo yote ya huyu kijana, lakini makasia ya nini na injini ile pale nyuma inameremeta... “Injini ni kama bibi harusi, mama,” anasema Nicolaus, fundi wa Kiliani, kama aliyesikia mawazo, “leo anacheza, kesho kanuna,” haya, sawa, basi kumbe huku nako mtu hategemei kitu kimoja, “dumu la mafuta, limejaa! Plagi ya akiba! Kopo!” na Kiliani anainua kopo la zamani la samli lililokatwa mdomo, la kuchota maji yakiingia na kuyarudisha ziwani, kopo! Hedwiga karibu acheke kwa sauti, boti yote hii ya thamani, injini ya Kizungu, kivuli cha turubai, mabenchi ya kuegemea, na uhai wa watu unashikwa na kopo la samli, lakini ndivyo dunia ilivyo, nyumbani kwake pia anayekunywa chai kwenye vikombe vya maua ni mgeni, anayeshika nyumba ni sufuria nyeusi, na jina lenyewe la boti limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, TEMBEA UONE, maana ndiyo kazi yake, haibebi samaki, haibebi mihogo, haiendi popote, tangu waseme biashara ni huria kila mtu anauza alichonacho na Kiliani anauza kulitazama ziwa, walimu wanalipa, wafanyabiashara kutoka Mbinga wanashuka Jumapili na wake zao wanalipa, wanazungushwa mpaka kile kisiwa cha mawe wanakunywa soda wanarudi walipotoka, na alipoambiwa mara ya kwanza Hedwiga alisema huo ni wazimu, mtu alipe arudi palepale, na usiku huohuo hakulala kwa kuutamani wazimu wenyewe.

“Majaketi!” na hilo lake analo mwilini, la rangi ya chungwa, limemvimbia kifuani kama kuku aliyejaa mtama, kamba zinaning'inia ubavuni kwa sababu zinafungwa nyuma, mkono wake haufiki, na Lusia na tumbo lile hawezi kuinuka kwenye boti inayotikisika, na hili jaketi analijua! hilo ndilo la kuchekesha, analijua kutoka kwenye marobota ya mitumba, mwaka jana yalishuka mawili matatu sokoni Mbinga na mwuzaji akaapa kwamba ni vizibao vya baridi vya Ulaya, na mzee Clemence jirani yake akanunua, akalivaa Krismasi nzima, akaenda nalo kwenye komunyo huku jasho linamtiririka, akisema hakika Wazungu wanaijua baridi, mpaka Kiliani alipokuja na kuliona, akalishika kwa mikono miwili kama aliyeona sakramenti, akasema kupitia kwa Lusia kwamba jamani hiki ni kitu cha kumzuia mtu asizame, na Clemence akajibu kwa heshima zote kwamba yeye kwenye shamba lake hajawahi kuzama na hauzi, kuishi kwingi kuona mengi, na Kiliani akaenda mpaka Songea akapekua marobota mpaka akapata ya kutosha... “Kamba zifungwe,” anasema Kiliani, anauambia upepo, hamtazami mtu, “jaketi ambalo halikufungwa ni shati tu,” na zinaning'inia, nani atazifunga, Nicolaus yuko nyuma kashika injini, “filimbi! Tochi! Kiberiti kiko kwenye nailoni! Kioo!” kioo nacho? ah, cha kumulikia jua ili walioko nchi kavu wakuone, ana akili huyu, ana akili, alipokuja kuposa Hedwiga alimwona mtu mwembamba anayenuka dagaa wa usipa akasema moyoni huyu atamlisha mwanangu nini, na sasa anamtazama, pembeni, kwa adabu, kwenye viganja tu, viganja vinavyogusa kila kitu mara moja na kukiamini... “kisanduku cha dawa! Maji ya kunywa!” maji ya kunywa juu ya ziwa! “Blanketi! Na kikapu cha mama,” na Nicolaus anakumbuka, anacheka, “Hicho kikapu, mama, kidogo kinivunje kiuno, humo mna viazi au mna mawe?” na damu yote ya Hedwiga inapanda usoni, Bikira Maria, kajuaje, hajui, anatania tu, watu wa ziwani ndivyo walivyo, wakiona Mmatengo wanaona viazi, lakini jiwe limo, kweli limo, chini ya viazi, limefungwa kwenye kitenge cha zamani, amelibeba kutoka nyumbani mpaka stendi, amelipakata kwenye lori mteremko wote wa kuja huku, kwa kuwa kila chombo kinachobeba watu lazima kiwe na jiwe lake, hilo kwao hata mtoto anajua, gari lisilo na jiwe la kuwekea tairi mlimani halipandwi, na asubuhi alipofika akaiona boti inaelea tu, haina tairi, haina mlima, akajisikia mjinga kuliko Clemence kwenye komunyo, jiwe la nini majini, Hedwiga, jiwe kazi yake majini ni moja, kuzama... basi akalifunika vizuri zaidi kwa viazi.

“Nanga!” anaita Kiliani, na kiganja kinashuka mbele pale kwenye pua ya boti, kinagusa kamba, kinaifuata kamba, na mwisho wa kamba hakuna kitu, “Nanga,” anasema tena, polepole, “Nicolaus, nanga iko wapi?” na Nicolaus anajikuna shingo, kumbe jana jioni kaka yake aliiazima ya kushikia mtumbwi wake, alisema ataileta asubuhi, hajaileta, wameshatoka kwenda kuvua... “ile si ya kuchezea, injini ikizima kwenye upepo wa mwera ndiyo inayotushika tusisukumwe kwenye mawe,” anasema Kiliani, na ameangalia kisiwa, na ameangalia anga, ni safi, na ameangalia mguu wa mama mkwe wake, huu mmoja umo na huu mmoja haumo, mama aliyeshuka mlima kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na Hedwiga anaiona heshima ikimwingia mkwe wake usoni mahali ambapo ilikuwa akili, anaiona kabisa, hawezi kumwambia mama mkwe teremka, rudi, leo hapana, ni aibu, na Nicolaus anamalizia, “Twende tu, ni hapo tu.” Ni hapo tu. Boti inapanda, inashuka, na ubao wa bluu chini ya unyayo umekuwa mgumu na baridi, ni hapo tu, maneno yaleyale, maneno hayohayo, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani kugombea kahawa na kila lori likitaka kuwa la kwanza, Mansuetus utingo, kazi yake kuruka chini na jiwe kila lori likisita, na kule Namswea wakatupa jiwe ili gunia moja zaidi lipate nafasi, na Mansuetus akaona, na utingo hasemi na dereva, utingo yuko juu ya magunia na dereva yuko ndani, kwa hiyo akainama dirishani akamwambia mwenye kahawa aliyekaa mbele, mwambie dereva jiwe limebaki, na mwenye kahawa akamwambia dereva huku anacheka, utingo wako anaogopa, na dereva akasema ni hapo tu, na mlimani lori likasita, likaanza kurudi, na Mansuetus akaruka chini na mikono mitupu akitafuta kwenye tope, akitafuta, wenzake walisema alitafuta kama mtu aliyedondosha pete... na baada ya msiba Hedwiga alikwenda pale peke yake akaliona, jiwe, jingine la kutosha tairi, lilikuwepo, juu kidogo tu ya mahali pale, limefunikwa na majani, chini limelala bapa, juu lina nundu kama mkate, akalibeba kichwani mpaka nyumbani akaliweka nyuma ya mlango, na hakumwambia mtu ni la nini, na watu wakadhani ni la kuzuia mlango... na hakulia wakati ule wala halii sasa, kitu kingine kinampanda, kitu cha moto na chepesi, kwa sababu jiwe lilelile limo! limo humu humu, kwenye kikapu, mbele ya miguu ya Lusia, na kamba iko pale mwisho wake mtupu, na wazee wao hawa Wanyasa kabla ya chuma kufika walishika mitumbwi yao kwa nini kama si kwa mawe, jiwe kazi yake majini ni moja, kuzama, ndiyo! kuzama na kushika! mjinga ni nani sasa, nanga ni jiwe la tairi la ziwani, Mansuetus, ni kitu kilekile, na wewe umeshuka nami bila mimi kujua... “Mama, vipi?” anauliza Lusia, na Hedwiga anafungua mdomo kusema mwambie mwenzio, neno limeshafika ulimini, mwambie mwenzio kuna jiwe, na analisikia jinsi litakavyokwenda, Lusia atacheka kwanza, jiwe, mama umebeba jiwe? kisha atalipeleka kwa mumewe likiwa limeshakuwa kichekesho, mama yangu bwana, mambo ya milimani hayo, na Nicolaus atasema si nilisema, na watacheka wote kwa mapenzi tu, na viganja vile vitaachia ile kamba tupu, na boti itaondoka, na tumbo lile limo ndani, na mjukuu wake yumo ndani ya tumbo, neno likipitia kwa mtu wa pili hufika limechoka, Mansuetus alilipitisha dirishani, alikuwa na adabu Mansuetus, adabu zake zote alizikwa nazo... na maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na anataka kuyaoga, hataki kurudi, hataki kuambiwa leo hapana, anakitaka kisiwa kile na soda yake na kurudi palepale, anautaka wazimu wote, ila autake na kamba yenye kitu mwishoni, na kina mama wa ukoo wangesema nini, wangeshika midomo, na washike, wao hawapo, wapo milimani, hapa upo mguu mmoja kwenye maji baridi na mguu mmoja kwenye ubao, na boti inapumua vilevile, inapanda, inashuka, na Kiliani bado kashika kamba, anangoja, kainamisha macho kwenye maji kama alivyofundishwa, na Hedwiga anainua uso wake, anamtazama mkwe wake usoni sawasawa, kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi, miaka yote hii hajalijua, na anasema kwa sauti yake mwenyewe, bila kumpitia mtu, “Baba, nanga iko kwenye kikapu changu, chini ya viazi. Ukishaifunga, njoo unifunge na mimi hizi kamba.”