Pumzi Saba

Mgeni aliingia bila hodi, akaketi kwenye kochi ambalo bado lilikuwa fremu na springi tupu, na swali lake la kwanza halikuhusu kochi.

"Huyo mtoto aliitwa nani?"

Fundi makochi alikuwa na misumari mitatu midogo kwenye pembe ya mdomo. Aliitemea kiganjani, akamtazama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa sare ya kijani ya dobi wa hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Fundi hakuwa amewahi kumwona.

"Mtoto gani, mwanangu?"

"Huyo uliyekuwa unamsoma. Aliyeugua siku saba akafa."

Hapo fundi akaelewa. Kila wiki alifanya hivyohivyo: alipigilia ukutani karatasi ya somo la Jumapili, usawa wa macho yake, kisha akafanya kazi huku akisoma kwa sauti. Mstari mmoja, msumari mmoja. Kufikia Jumamosi kochi lilikuwa limevaa kitambaa na somo limekaa kichwani. Mlango aliuacha wazi kwa sababu ya vumbi la sponji, na mtaa ulikwisha kumzoea. Muuza vitunguu wa mlango wa pili ndiye aliyempachika jina la Mzee Sauti, na hakukosa neno la kumtania.

"Mzee Sauti, leo kafa nani?" humwuliza. "Maana ukisoma hivyo, vitunguu vyangu vinalia vyenyewe."

Fundi aliupenda utani ule. Hakuwa na mwingine wa kumtania. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo jioni zake zilikuwa za sahani moja na kijiko kimoja. Siku nzima iliweza kupita bila yeye kusema zaidi ya "unataka rangi gani" na "njoo Ijumaa". Lakini Jumapili alipopanda mimbarini na kufungua kitabu, watu mia tatu walinyamaza ili wamsikilize yeye. Alikuwa msomaji kwa miaka kumi na tisa. Zilikuwa dakika nne tu kwa wiki, na hizo ndizo zilizombeba mpaka Jumapili nyingine.

Somo la wiki ile lilikuwa la mfalme aliyemtwaa mke wa askari wake, kisha akapanga askari huyo auawe vitani. Nabii akaja kumwambia mfalme kwamba yeye amesamehewa, hatakufa, ila mtoto aliyezaliwa ndiye atakayekufa. Mtoto akaugua. Mfalme akalala chini, hali wala hanywi. Siku ya saba mtoto akafa.

Fundi alisogea ukutani, akapitisha kidole kwenye karatasi kutoka juu mpaka chini.

"Hawakuandika jina lake," alisema.

"Nilidhani hivyo. Na alifanya nini?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Hakufanya kitu. Alikuwa mchanga. Aliyekosa ni baba yake."

"Baba akaachwa akaishi."

"Alitubu."

"Na mtoto angetubu nini, baba, na hata shingo yake haijakaza?"

Fundi alikuwa na jibu. Lilikuwepo tayari, limenyooshwa kama kitambaa mezani: Mungu ana makusudi yake. 

Dobi hakulingoja. Alisimulia huku akizitazama springi katikati ya magoti yake. Alimwacha mume, akaishi na mwanamume mwingine, akazaa naye binti. Binti aliishi siku tisa. Siku moja baada ya maziko, dada yake mkubwa, yuleyule aliyemlea, alimletea kitabu kimefunguliwa mahali hapohapo, pamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Hakuwa na ukali. Alimwambia tu, "Soma, mdogo wangu, uelewe."

"Tangu hapo sijakanyaga kanisani. Leo natoka zamu, nasikia mtu anasoma palepale. Tena anasoma vizuri. Ulipofika alipokufa ukaishusha sauti, kama mtu anayefunika sufuria, ukapita. Mfalme akainuka, akaoga, akala. Nikasema, ngoja niingie nimwulize huyu."

"Mimi ni msomaji tu, mwanangu. Sikuandika mimi."

"Najua. Ndiyo maana ombi langu ni dogo." Alisimama, akajikung'uta nyuzi. "Jumapili nitajaribu kuja. Nitakaa nyuma, karibu na mlango. Ukifika pale, simama. Usiseme kitu. Vuta pumzi saba, moja kwa kila siku ya huyo mtoto. Halafu endelea."

"Pumzi saba tu?"

"Tu. Kila mtu anapapita mbio."

"Nakuahidi," fundi alisema, kabla hajapima uzito wa ahadi hiyo.

Alipobaki peke yake, misumari ilikuwa bado kiganjani, imeacha alama. Alikumbuka jambo ambalo kwa kawaida alilipita mbio. Mwaka wake wa pili wa usomaji, mkewe alijifungua mtoto ambaye hakulia. Jioni moja alimwuliza, "Kwani tulimkosea nani?" Naye, msomaji mpya, alimjibu kwa mistari mitatu aliyoikariri, kwa ile sauti yake nzuri. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante," kama mtu aliyeelekezwa njia na mpita njia. Miaka kumi na moja iliyobaki ya maisha yao, walizungumza kuhusu paa linalovuja, sukari, na wageni. Swali lile halikurudi. Upweke ambao watu walidhani ulianza na kifo cha mkewe, fundi alijua, ulianza jioni ile.

Ijumaa alimtupia swali muuza vitunguu, akijifanya anapima upana wa mlango.

"Hivi mwanao akivunja mayai, unamchapa nani?"

"Yeye. Ulitaka nimchape kuku?"

"Na ukikosea wewe, uchapwe wewe au mwanao?"

"Mzee Sauti, umekula nini leo? Nichapwe mimi." Alifikiri kidogo, akachambua ganda. "Ila Mungu si mimi."

"Ndiyo. Ningetegemea awe afadhali kuliko wewe."

"Kuwa afadhali kuliko mimi mbona si kazi," akasema, na wote wakacheka, ingawa kicheko cha fundi kiliishia njiani.

Jumamosi mchana kulikuwa na mazoezi. Katibu wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, aliketi benchi la mbele na saa yake mkononi, kama alivyofanya siku zote. Mchungaji alikuwa akipanga viti vya kwaya. Fundi angeweza kunyamaza, kisha Jumapili afanye alichoahidi na kusingizia kikohozi. Lakini hakutaka kumtetea mtoto kwa uongo. Akawaeleza.

"Pumzi saba ni kama nusu dakika," alisema Katibu. "Watu watadhani umepotea mstari."

"Si hilo," alisema Mchungaji, akiweka kiti chini taratibu. Alikuwa mtu mpole, na ndiye aliyemzika mke wa fundi. "Ukinyamaza pale, mzee wangu, watadhani unamhoji Mungu."

"Nadhani namhoji, Mchungaji."

Katibu akaishusha saa yake.

"Namwamini," fundi aliendelea, polepole, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya mimbarini. "Ndiyo maana namwuliza. Nisingemwamini ningeuliza nani? Nimesoma mahali hapo mara nyingi, na kila mara nilimhurumia mfalme. Sikuwahi kumhurumia yule aliyekufa."

"Mimi pia pananisumbua," alisema Mchungaji kwa sauti ya chini. "Lakini msomaji anasoma. Akianza kuchagua pa kusimama, kesho mwingine atachagua pa kuruka. Siwezi kukuruhusu. Ukipita kama kawaida, kitabu ni chako mpaka uchoke mwenyewe. Ukisimama, Katibu atampa mtu mwingine, na sitaweza kumzuia."

Fundi alirudi nyumbani, akapika, akala kwa kijiko chake kimoja. Alijaribu kuiwazia Jumapili ambayo angeketi benchini kama wengine, na Alhamisi ambayo ukuta wake ungekuwa mtupu. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Jumapili kanisa lilijaa. Alipanda, akafungua kitabu, akatazama nyuma karibu na mlango. Benchi la mwisho lilikuwa na wazee wawili na mama mwenye mwavuli. Sare ya kijani haikuwepo. Labda alikuwa zamu. Labda alifika mlangoni akageuka. Labda alisimama nje, upande wa dirisha ambalo fundi hakuweza kuliona.

Moyo ukamwambia: basi, umepona. Hayupo wa kukudai.

Akasoma. Mfalme juu ya paa, mke wa askari, barua, vita, nabii. Mtoto akaugua. Alipofika siku ya saba hakuishusha sauti. Alilisema neno la kifo kama lilivyo, kavu, akaweka kidole pale mstari ulipoishia, akafunga mdomo.

Pumzi ya kwanza hakuna aliyegundua. Ya pili, mtu alikohoa. Ya tatu, vichwa vya kwaya vikageukiana. Fundi aliivuta ya nne akimwona mkewe mlangoni mwa chumba chao, na swali lake mkononi. Safari hii hakumjibu. Alikaa naye tu. Mama mwenye mwavuli alikuwa ameinamisha uso, na mwavuli ukamponyoka ukaanguka sakafuni, asiuokote.

Kwenye pumzi ya tano Katibu alisimama. Viatu vyake vilisikika ngazi moja moja, mpaka akafika mimbarini na kuweka mkono juu ya kitabu, bila hasira, kama mtu anayezima taa iliyosahauliwa.

"Nipe, mzee," alinong'ona.

Fundi hakukiachia, wala hakukivuta. Kidole chake kilibaki pale pale.

Ya sita.

Mkono wa Katibu ulingoja.

Akaivuta ya saba yote mpaka mwisho, akaitoa. Kisha akainua kidole, akampa kitabu, akashuka.